Waliitwa kwa Mdomo, Leo Wanadaiwa Karatasi

Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, na wabunge wote wa Mkoa wa Mwanza

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Binti yangu mkubwa amemaliza kidato cha sita, na jina lake likatoka kwenye orodha ya wanaotakiwa kuripoti JKT kwa mujibu wa sheria, kambi ya Rwamkoma, mkoani Mara. Tukaingia mjini kutafuta vitu vilivyotajwa: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba ngumu, soksi ndefu nyeusi, shuka mbili za bluu bahari, nguo za baridi, nauli ya kwenda na ya kurudi. Nilitoa fedha kwenye mtaji, na sikunung'unika. Mtoto akifundishwa ukakamavu na kuipenda nchi yake, mzazi hapotezi.

Jioni ile tulikuwa Igombe kwa baba yangu, mtoto amekwenda kumuaga babu yake. Baba alimtazama anavyopanga vitu vyake kwenye begi, kisha akauliza, "Na karatasi ya kuitwa unayo?" Mjukuu akampa simu aone jina lake pale kwenye orodha, na fomu aliyoichapa. Baba akaishika ile fomu muda mrefu, akaileta karibu na macho, akairudisha. Akasema, "Sisi tuliitwa kwa filimbi."

Tangu siku hiyo sijatulia. Ndiyo maana nawaandikia.

Baba yangu alikuwa mgambo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuikalia ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, kisha wakalivunja daraja la Kyaka, yeye alikuwa kijana wa miaka 22 mwenye mtumbwi mmoja na nyavu za sato. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, akasema uwezo tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Baba anasema waliisikia hotuba hiyo kwenye redio ya mwenye duka, watu wamejaa mpaka barabarani, na ilipokwisha hakuna aliyeondoka haraka. Siku chache baadaye mjumbe wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango. Hakuja na barua. Alikuja na majina kichwani: wewe, wewe, na wewe, kesho alfajiri uwanjani. Filimbi ikapigwa, wakahesabiwa, wakapanda malori. Malori yenyewe hayakuwa ya jeshi, yalikuwa ya watu na ya mashirika, yamechukuliwa kwa kazi ya vita.

Naomba mniruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu vijana wengi hawajui vita ile ilibebwa na nani. Jeshi letu lilianza likiwa na watu wasiofika 40,000. Ndani ya miezi michache likavuka 150,000, na karibu 40,000 kati ya hao walikuwa mgambo: wavuvi, wakulima wa pamba, wachunga ng'ombe, makarani wa vyama vya ushirika. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikuwa umeshasema ulinzi wa nchi ni wa wananchi wenyewe, na kwa miaka saba watu walifundishwa kwata kwenye viwanja vya shule kwa bunduki za mbao. Baba alijifunza hivyo. Bunduki ya kweli alipewa njiani.

Walivuka mpaka Mutukula Januari 1979, wakaenda Masaka, na Machi wakafika Lukaya, barabara inapopita katikati ya mabwawa ya ziwa hili hili letu. Brigedi ya 201 iliyokuwa mbele ilikuwa karibu yote ya mgambo, na wengi wao hawakuwahi kuonja vita. Walibya waliokuja kumsaidia Amin waliwamiminia makombora. Baba hafichi: usiku wa kwanza walitawanyika. Wengine waliingia kwenye matope hadi kifuani, bunduki juu ya kichwa. Kesho yake walikusanywa, wakarudi mbele, na Brigedi ya 208 ikazunguka ikampiga adui kutoka ubavuni. Lukaya ikapatikana, na Aprili 11 Kampala ikawa mikononi mwa jeshi letu. Tangu Lukaya sikio la kushoto la baba halisikii. Sisi wanawe tumekua tukijua kukaa kulia kwake.

Mwezi ule ule wa Machi mama yangu alikuwa hapa Mwanza. Ndege ya Libya, Tupolev, ilikuja kutupiga, ikakosa mji, silaha zake zikaangukia kisiwa cha Saanane zikaua wanyama. Leo Saanane ni Hifadhi ya Taifa, wageni wanapanda boti kwenda kupiga picha. Mama kila akiiona boti ile husema, "Pale ndipo tulipookolewa na swala." Nalitaja hili kwa sababu watu wa mkoa huu hawakuisikia vita redioni tu. Walitoa vijana, walitoa ng'ombe wa kulisha askari, walitoa malori, na mabomu nayo yakawafuata mpaka ziwani.

Vita ilipokwisha Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18, maana ilikuwa imekula kama dola milioni 500 za nchi maskini. Tulifunga. Mgambo nao wakarudishwa makwao. Baba aliteremka kwenye lori, akashukuriwa pamoja na wenzake kwenye mkutano, akatembea mpaka nyumbani. Ziwani furu walikuwa bado wengi, sangara hawajatamba. Akapaka mtumbwi lami, akarudi kazini. Miaka michache baadaye, wizi wa ng'ombe ulipozidi Usukumani na silaha zilizozagaa baada ya vita zikawa mikononi mwa majambazi, watu walipoanzisha Sungusungu walimfuata yeye na wenzake kwa sababu wanajua kulinda. Wakaitika tena. Hapo pia kwa mdomo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kwa miaka mingi baba hakudai chochote. Alipofika miaka 60 na mgongo ukaanza kumlaza, tulimshauri akaulize kama kuna utaratibu wowote kwa waliopigana Kagera. Nilimsindikiza mimi mwenyewe kwenye ofisi moja, sitaitaja, kwa sababu kijana aliyetupokea hakuwa mtu mbaya na alikuwa anafuata alichoambiwa. Alimuuliza baba namba yake ya jeshi. Baba akasema mgambo hatukupewa namba ya kudumu. Akamuuliza barua ya kuitwa. Baba akasema tuliitwa kwa filimbi. Akamuuliza hati ya kuruhusiwa kutoka vitani. Baba akanyamaza. Kijana akasema kwa upole, "Mzee, bila karatasi nitakuandika nini?" Tukaenda mara ya pili, na ya tatu. Mara ya nne baba alikataa kutoka nyumbani. Alisema, "Mwanangu, nisiende kuombaomba kitu nilichokifanya."

Neno hilo limenichoma kuliko yote.

Waheshimiwa, nchi iliyomchukua mtu bila karatasi haina haki ya kumdai karatasi. Dosari ya kutoandika haikuwa ya mgambo. Yule mjumbe aliyepita mlango kwa mlango alikuwa ni serikali. Filimbi ile ilikuwa sauti ya dola. Ibara ya 28 ya Katiba yetu inasema kila raia ana wajibu wa kulinda uhuru, mamlaka na ardhi ya nchi. Baba aliutimiza wajibu huo kabla ibara hiyo haijamfikia masikioni. Sasa nami nauliza: wajibu wa nchi kwa aliyetimiza umeandikwa wapi?

Kulikuwa na mzee mtaani kwetu, marehemu sasa, aliyekuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Waingereza walichukua Watanganyika zaidi ya 80,000 katika vita ile, na yeye alifika hadi Burma kupigana na Wajapani, watu ambao hawakuwahi kumkosea. Alikuwa na kopo la bati, na ndani ya kopo kuna karatasi iliyokunjwa mara nne, imechanika kwenye mikunjo: jina, namba, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka. Mkoloni alimnyanyasa, na bado alimwandika. Nilipokuwa mtoto niliwahi kumsikia akimtania baba kwamba yeye ana ushahidi na baba hana. Walicheka wote wawili. Leo hainichekeshi, kwa sababu baba alipigania nchi yake huru, chini ya bendera yake mwenyewe.

Na Mwingereza naye tusimsifu kupita kiasi. Vita ya Kwanza, iliyoipitia Mwanza mwaka 1916 Waingereza walipowaondoa Wajerumani hapa, ilibebwa na wapagazi. Hao walibeba mizigo ya jeshi kichwani mpaka wakafa njiani kwa njaa na kuhara, na walichotuachia ni jina la soko, Kariakoo, lililotokana na jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, walikufa katika utumishi wa vita ile bila kuandikwa majina, au bila kukumbukwa kabisa. Miaka zaidi ya mia moja imepita, na sasa ndipo wanahangaika kutafuta majina kwenye karatasi zilizoliwa na mchwa. Baba yangu yupo hai. Anaishi Igombe. Anakumbuka. Tusingoje mpaka wajukuu wa wajukuu zetu waombe radhi kwa niaba yenu.

Najua mtanijibu kwamba mashujaa wa Kagera wapo Kaboya, kwenye makaburi yao ya kijeshi. Ni kweli, na nawashukuru kwa Kaboya kwa moyo wangu wote. Niliwahi kumpeleka baba, tulipanda basi la Bukoba alfajiri, tukashuka Muleba. Aliingia kwenye yale makaburi amevua kofia, akatembea mstari kwa mstari bila kusema neno, mara anasimama, anagusa jiwe kwa kiganja, anaendelea. Pale palitunzwa vizuri, palikuwa safi na pana heshima. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mnaweka ngao, mkuki, upinde na mshale, na mimi hutazama kwenye televisheni nikiwa nimesimama. Lakini tulipotoka Kaboya baba alisema kitu ambacho sikukitegemea kwa mtu mtaratibu kama yeye. Alisema waliokufa wametunzwa kuliko waliobaki.

Sipingi jeshi. Nisieleweke hivyo. Wala sipingi JKT, iliyoanzishwa mwaka 1963, ikawa ya lazima kwa wasomi, ikasitishwa 1994, ikarudishwa 2013. Nakumbuka hadithi tuliyosimuliwa shuleni ya Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga utumishi huo wa lazima na kukatwa mshahara. Mwalimu aliwafukuza karibu 400. Watu wengi wakilisimulia huishia hapo kwenye kufukuzwa. Mimi huwa nabaki kwenye kile kilichofuata: siku ile ile alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kuwafukuza vijana wa watu kwa kusema wanachofikiri, sikubaliani nako hata leo. Lakini aliona kwamba huwezi kumwambia kijana atoe wakati wewe hutoi, na kwa hilo namheshimu.

Hapa Mwaloni Januari ya 2025, mji wa Goma kule Kongo ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, vijana wetu wapakiaji hawakuwa na mazungumzo mengine wiki nzima. Simu mkononi, video za vita, kila mmoja jenerali. "Twendeni tukawanyooshe!" Wengine wanashangilia kama wako Kirumba uwanjani. Nilikaa nawasikiliza huku nachambua dagaa, nikawa nahesabu moyoni: kati ya hawa, nani alimwona mwanajeshi wetu aliyerudi ndani ya jeneza kutoka Kongo? Desemba 2017 pale Semuliki tuliwapoteza zaidi ya kumi kwa usiku mmoja, walikuwa wanalinda amani ya watu wengine. Wana wake. Wana watoto ambao leo wako shule ya msingi au sekondari.

Niliwaambia wale vijana, kwa lugha ya mama, kwamba kushangilia vita ni kukopa. Unakopa mwili wa mwenzako. Akirudi bila sikio, bila mguu, au akirudi mzima lakini halali usiku, wewe uliyeshangilia ndiye mdaiwa wake. Mmoja akaniuliza, "Sasa mama, hilo deni linalipwa wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nimelileta kwenu, waheshimiwa, kwa sababu ninyi ndio mnaoshika daftari.

Ninachoomba si kikubwa, wala hakihitaji bajeti ya kutisha. Fungueni daftari la mgambo wa Kagera katika kila kata ya mkoa huu, na mikoa ya jirani yote: Kagera, Mara, Geita, Shinyanga, Simiyu. Msiwaulize karatasi. Waulizeni watu. Kila kata ina wazee, ina vitabu vya kanisa na vya msikiti vinavyoonyesha nani hakuwepo kwenye ubatizo wa mwanawe au nani aliombewa dua. Waiteni wazee watano watano, wakae chini ya mwembe, wathibitishane. Mzee aliyelala kwenye handaki moja na mwenzake hawezi kudanganywa na tapeli. Mkihofia watu watakaojipenyeza, na najua watakuwepo, muulizeni mtu alivuka Mutukula na kombania gani, nani alikuwa kamanda wa platuni yake, walikula nini Masaka. Baba yangu anaweza kumtambua mwongo kabla hajamaliza chai yake.

Mkishawaandika, mpeni kila mmoja cheti. Binti yangu akimaliza miezi yake ya mafunzo Rwamkoma atarudi na cheti, na tutakishangilia, na kitamsaidia, maana nafasi nyingi za vyombo vya ulinzi sasa zinakiulizia. Babu yake alitembea kwa miguu kutoka Kagera mpaka jirani na Kampala. Siwezi kumfafanulia mtoto huyu kwa nini yeye ana cheti na babu yake hana. Nimejaribu. Nimeshindwa.

Mambo ya fedha nayaacha kwenu, mnajua hazina ilivyo. Ila kuna hili: Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilishasema wazee wasiojiweza watibiwe bure. Mgambo aliyeumia vitani asipange foleni ya kuthibitisha umaskini wake. Apite kwa cheti chake cha vita. Kuna tofauti kubwa kati ya kutibiwa kwa kuhurumiwa na kutibiwa kwa kulipwa deni, na wazee hawa wanaijua kuliko mimi.

Kwenu wabunge wetu nina neno la pekee. Nyote mlikuja Mwaloni kuomba kura. Mlipita kwenye matope haya haya, mkashikana mikono na sisi tunaonuka dagaa, tukawapokea vizuri. Sijawahi kumsikia mmoja wenu akisimama bungeni kuuliza mgambo wa Mkoa wa Mwanza wako wangapi na wako wapi. Swali moja tu la nyongeza lingetosha kuanzia. Mkiuliza, nitafunga biashara siku hiyo nije kusikiliza redioni kama baba alivyosikiliza mwaka ule.

Wakati mnajipanga, mimi nimeanza. Nimenunua daftari la kurasa 96. Jumapili baada ya misa huenda Igombe, nakaa upande wa kulia wa baba, ananitajia majina ya wale aliopanda nao lori moja. Tumefika majina 27. Mengine anayakumbuka kwa jina la utani tu, mengine kwa kijiji: yule wa Kayenze, wale ndugu wawili wa Ukerewe, yule mfupi wa Sangabuye aliyekuwa anaimba. Kati ya hao 27 tuna hakika ya sita walio hai. Mwaka jana tulipoanza walikuwa wanane.

Baba huamka saa kumi na moja alfajiri, hunywa uji, hukaa nje kutazama mitumbwi ikirudi. Asubuhi kumbukumbu yake ni safi kabisa, mchana huchoka. Mkimtuma mtu, aje mapema, na asikae kushoto.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Binti wa mgambo, Mwaloni, Kirumba, Mwanza